Kupakua na Kudokoa: Msamiati wa Shehena na Wizi Kuanzia Kilwa ya Karne ya 18 Hadi Delta ya Rufiji



Mada niliyoichagua huenda ikawashangaza baadhi yenu, kwa kuwa wizi wa shehena bandarini ni jambo tulilozoea kuwaachia polisi, mahakimu na wanahistoria. Nitajaribu kuonyesha kwamba linawahusu wanaisimu pia. Kabla mtu hajashtakiwa kwa wizi, ni lazima tendo lake lipewe kwanza jina la wizi, na kuyapa matendo majina ni kazi ya lugha.

1.0 Utangulizi

Eneo ninalolikusudia ni delta ya Mto Rufiji, inayotazamana na Kisiwa cha Mafia, pamoja na mji wa Kibiti, ambao sasa ni makao ya wilaya iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji. Kwa muda mrefu delta hii imekuwa bandari isiyo na kuta. Boriti, mpunga na magome ya mikoko vilitoka humo kwa mitumbwi na majahazi kwenda Unguja, Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Palipo na shehena pana wapakiaji na wapakuaji, na palipo na hao hapakosi suala la kile wanachobaki nacho mkononi.

Hoja yangu ni moja. Katika Kiswahili, jina la kitu kinachotolewa katika shehena hutegemea nafasi ya anayekitoa zaidi kuliko namna anavyokitoa. Kinachochukuliwa na mwenye enzi huitwa ushuru. Kinachochukuliwa na dalali huitwa ada. Kinachochukuliwa na baharia mwenye sehemu yake huitwa fungu. Kinachochukuliwa na kibarua wa kutwa huitwa wizi. Nitaitetea hoja hii kwa kutumia ushahidi wa historia, wa mofolojia na wa semantiki, kisha nitaeleza kwa nini ina uzito kwetu leo.

2.0 Karne ya 18: Mto Thames na Kilwa

Tuanzie mbali kidogo, mahali ambapo suala hili lilizua mgogoro wa wazi. Katika London ya karne ya 18, watu waliopakua sukari iliyotoka visiwa vya Karibi hawakutegemea ujira wa fedha peke yake. Sukari iliyomwagika na kufagiliwa sakafuni mwa meli waliihesabu kuwa haki yao kwa mazoea. Wapakuaji wa makaa ya mawe nao walikuwa na sehemu yao. Mwaka 1798 wafanyabiashara wa sukari, kwa ushirikiano na Patrick Colquhoun na John Harriott, walianzisha kikosi cha polisi wa Mto Thames chenye makao Wapping. Colquhoun alidai kwamba kati ya watu 33,000 waliofanya kazi mtoni, 11,000 walikuwa wahalifu. Oktoba mwaka uleule wapakuaji wa makaa ya mawe waliivamia ofisi ya kikosi hicho. Mwaka 1800 Bunge lilikifanya kikosi hicho kuwa cha umma, na mwaka 1802 bandari mpya ya West India Docks ikafunguliwa ikiwa imezungukwa na kuta ndefu. Mwanahistoria Peter Linebaugh, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kiitwacho The London Hanged, ameeleza kwa kina jinsi mazoea yaliyokuwa sehemu ya malipo yalivyogeuzwa kuwa jinai katika kipindi hicho. Mfagio ulikuwa uleule na sukari ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni jina la tendo.

Sasa turudi kwetu. Karne ya 18 ni muhimu kwa wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha yetu yaliyosalia ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, zilizohifadhiwa Goa. Hizo ni barua za watawala. Sauti ya kwanza tunayoisikia katika kumbukumbu zetu ni ya wenye amri, wala si ya wabeba mizigo. Mwaka 1776, katika Kilwa hiyohiyo iliyo kusini ya delta ya Rufiji, Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na sultani wa huko. Kwa mkataba huo angepewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya piastra 20 kila mmoja, na mfalme angepata piastra 2 kwa kila kichwa.

Hapa lazima tusimame. Shehena inayozungumzwa ni watu. Walikuwa wametwaliwa makwao kwa nguvu, kisha wakahesabiwa kwa vichwa, na fungu la mfalme katika mauzo yao likaandikwa katika mkataba kama malipo halali. Biashara hiyo iliendelea hata karne iliyofuata. Mkataba wa Juni 1873 ulipopiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari, misafara kutoka Kilwa ilishika njia ya nchi kavu kuelekea kaskazini, ikauvuka Mto Rufiji. Frederic Elton, ofisa wa Kiingereza, aliishuhudia misafara hiyo mwishoni mwa mwaka huo. Katika daftari la tajiri, mtumwa aliyetoroka aliandikwa hasara sawa na gunia lililopotea. Mtu aliyejirudishia nafsi yake alionekana kuwa amemwibia mwenye mali. Tukilikumbuka jambo hili, tutakuwa waangalifu zaidi kabla ya kuazima neno wizi kutoka kinywani mwa mwenye shehena.

3.0 Chungu na chombo: ushahidi wa mofolojia

Nageukia sasa vitenzi. Kitenzi chetu cha msingi cha kazi ya bandarini ni kupakua, ambacho ni kinyume cha kupakia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukitumia kama mfano wa kauli ya kutendua. Lakini kitenzi hichohicho hutumika jikoni: mama hupakua wali chunguni na kuutia katika sahani. Kadhalika nomino chombo hutaja jahazi na hutaja sahani. Mswahili aliyeunda msamiati huu aliiona meli kama chungu kilichojaa, na aliyemwona akipakua alimwona kama mgawaji wa chakula. Siku hizi vijana wetu hupakua muziki na filamu kutoka katika intaneti, na papo hapo huzuka ubishi wa nani mwenye haki ya kula. Kitenzi kimehama na ubishi wake.

Kwa upande wa pili kuna kudokoa. Maana yake ya asili ni ya jikoni pia: kunyofoa kwa ncha za vidole kipande kidogo cha chakula kabla hakijagawanywa. Mdokozi wa kwanza ni mtoto anayezungukazunguka meko. Neno hilo lilipopelekwa bandarini lilibaki na udogo wake, kwani udokozi ni wizi wa vidole na hauhitaji mkokoteni. Tazameni pia umbo lake. Kudokoa, kunyofoa, kuchopoa, kukwapua na kunyakua vyote huishia na -oa au -ua, kama kinavyoishia kupakua. Ni vitenzi vya kuondoa kitu mahali kilipo. Tofauti ni kwamba kupakua kuna mwenzake kupakia, hali kunyofoa na kukwapua havina wenzao. Kiswahili hakikutunga kitenzi cha kukirudisha kilichonyofolewa.

Kisha kuna kuchukua. Katika Kiswahili cha zamani kuchukua kulikuwa kubeba, na kitenzi cha kukifanya kitu kuwa mkononi mwako kilikuwa kutwaa. Ndiyo sababu mchukuzi ni mbeba mizigo, na uchukuzi ni kazi ya usafirishaji hadi leo. Kadiri muda ulivyopita, kuchukua kulisogea na kuishika nafasi ya kutwaa, na kutwaa kukabaki zaidi katika maandishi na katika lugha ya heshima. Hivyo basi, mtu akisema leo kwamba fulani ameuchukua mzigo, msikilizaji huhitaji muktadha ili ajue kama ameubeba au amejitwalia. Sidai kwamba wachukuzi ndio walioligeuza neno hilo. Nasema tu kwamba mpaka baina ya kubeba na kutwaa, ambao sheria huuona kuwa wazi, katika matumizi ya lugha ni mwembamba sana.

Kuhusu neno wizi lenyewe sina haja ya kusema mengi. Ni la asili ya Kibantu na limetokana na kitenzi kuiba, ambacho b yake iligeuka mbele ya kiambishi tamati cha mtenda ikatupatia mwivi na mwizi. Jamii zetu zilijua wizi na kuuchukia kabla ya meli ya kigeni kutia nanga. Hatukufundishwa wizi na wageni, wala hatukufundishwa nao kuukemea.

4.0 Majina yaliyopanda na majina yaliyoshuka

Likilinganishwa na wizi, neno lenye asili yetu, kundi la majina ya utwaaji halali limejaa maneno ya mkopo, nayo yamepitia safari za kuvutia. Ushuru umetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Leo hakuna anayekumbuka kumi hiyo, na ushuru ni kiasi chochote ambacho dola imekitaja. Ada imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mazoea, na kwetu imekuwa malipo. Desturi ni ya Kiajemi. Katika bandari za India neno hilo lilitaja pia fungu ambalo dalali au mtumishi alijikatia katika kila mauzo, lakini kwetu limebaki na maana ya mila. Maneno mawili ya mazoea yalifika pwani moja. Moja likawa fedha, jingine likawa utamaduni. Hata Waingereza huuita ushuru wa forodhani kwa neno lilelile linalomaanisha mila. Ni dhahiri kwamba popote panapopita shehena, kinachozoeleka kuchukuliwa hugeuka kuwa haki, ilimradi anayekichukua ana uwezo wa kudumisha mazoea hayo.

Sharti hilo la uwezo linaonekana vizuri katika maneno mawili ya misafara ya karne ya 19. Hongo wakati huo yalikuwa malipo ya wazi ambayo msafara uliyatoa kwa mtawala wa nchi ili upewe njia. Yalijadiliwa mchana, mbele ya watu, na asiyeyatoa ndiye aliyeonekana mkosaji. Watawala hao walipopoteza mamlaka yao kwa Wakoloni, hongo nayo ilipoteza uhalali wake, na leo ni jina la kosa la jinai. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Leo posho imepanda hadi kwenye meza za vikao, na anayeipokea huvaa tai. Hongo ilishuka kwa kuwa wenyewe walishuka, na posho ilipanda kwa kuwa ilipata wenyewe wapya.

Mfano wa karibu zaidi ni takrima. Sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliyorekebishwa mwaka 2000 iliruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu hivyo. Kwa muda wa miaka michache, sahani ya pilau iliyotolewa na mgombea ilikuwa ukarimu kisheria. Baadaye ikarudi kuwa rushwa. Wapishi hawakubadilisha viungo.

5.0 Delta ya Rufiji: fungu la baharia

Sasa tuingie katika delta yenyewe. Mikoko yake ina majina yanayotofautishwa kwa makini na wakazi: mkoko, msinzi, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, msikundazi. Miti iliyokatwa nayo hupangwa kwa unene, kuanzia fito na pau hadi boriti na nguzo, na huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mfumo huu wa majina ni mfumo wa hesabu, na hesabu ndiyo ulinzi wa kwanza dhidi ya udokozi. Mzigo uliohesabiwa kwa korja hauwezi kupungua kimyakimya kama unavyopungua mchele katika gunia.

Mwaka 1939 mwandishi na baharia Alan Villiers aliingia katika delta hii ndani ya jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasir al-Nejdi, akaieleza safari hiyo katika kitabu chake Sons of Sinbad cha mwaka 1940. Mabaharia wenyewe ndio walioingia topeni kukata na kupakia boriti. Hawakulipwa mshahara. Mapato ya safari, baada ya kutoa gharama, yaligawanywa baina ya chombo na mabaharia kwa mafungu. Aidha, baharia aliruhusiwa kuwa na sanduku la bidhaa zake ndogondogo za kuuza njiani.

Mpango huo una maana kubwa kwa hoja yangu. Mtu mwenye fungu katika shehena hawezi kuidokoa bila kujidokoa mwenyewe na wenzake. Sanduku lake lilikuwa na mahali panapojulikana juu ya sitaha, wala halikufichwa. Sisemi kwamba mpango ule ulikuwa wa haki, maana madeni ya mabaharia kwa nahodha na ya nahodha kwa tajiri yalikuwa mnyororo mzito. Nasema kwamba mahali ambapo mfanyakazi ana fungu lenye jina, eneo la maana linalofunikwa na neno wizi huwa dogo.

Katika delta hiyohiyo tunao mfano wa kinyume chake. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani uliiweka mikoko ya Rufiji chini ya hifadhi na usimamizi wa serikali. Tangu hapo mtu aliyekata boriti za nyumba yake bila kibali alikuwa mkosaji, hata kama babu yake alikata katika mkono uleule wa mto. Thaddeus Sunseri, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu misitu ya Tanzania, ameonyesha jinsi misitu hii ilivyokuwa pia uwanja wa mvutano juu ya kazi na wafanyakazi. Hifadhi ya mikoko ina sababu zake nzuri, na mimi ni miongoni mwa wanaoziunga mkono. Lakini mwanaisimu ana wajibu wa kuona kwamba siku ile maneno mvunaji na mwizi yalikutana juu ya mtu mmoja.

6.0 Kibarua na kuli

Bandari za kisasa zilileta mfanyakazi wa aina nyingine, na majina yake yanajieleza. Hamali limetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kubeba. Kuli limetufikia kwa njia ya India na Waingereza. Kibarua ni barua ndogo, ile karatasi ya kazi ya siku moja, ambayo baadaye ilimpa jina mtu aliyeishika. Baharia alikuwa na fungu, kibarua alikuwa na karatasi. Jioni karatasi hiyo ilikwisha, na pamoja nayo ukakwisha uhusiano wake na shehena aliyoibeba mgongoni kutwa nzima.

Historia ya watu hao imeandikwa. Makala ya John Iliffe ya mwaka 1970 inaeleza migomo ya wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam ya miaka 1939, 1943, 1947 na 1950. Ule wa Septemba 1947 ulianzia bandarini ukasambaa kuifuata reli. Kuhusu Mombasa, Frederick Cooper katika kitabu chake cha mwaka 1987 ameonyesha jinsi maofisa wa kikoloni walivyoliona kundi la vibarua kuwa chanzo cha vurugu na uhalifu mjini, wakaamua kuligeuza kuwa kundi dogo la waajiriwa wa kudumu. Unguja ilikuwa na mgomo wake mwaka 1948.

Mgomo huo wa Unguja ndio uliompa Shafi Adam Shafi riwaya yake Kuli, iliyotoka mwaka 1979. Ningependa wanafunzi wa fasihi waliokuja hapa waitazame riwaya hiyo kama tukio la kileksika. Neno lililokuwa la dharau limewekwa juu ya jalada, na Rashidi, mhusika mkuu, amelibeba hadi likapata heshima. Mkusanyaji wa maneno anayeandika kuwa kuli ni mpakizi na mpakuaji wa mizigo melini yuko sahihi, lakini msomaji wa Shafi anajua kwamba fasili hiyo haijataja kinachomwuma kuli.

7.0 Kipimo: kutoka kibaba hadi lumbesa

Tutoke majini tupande barabarani. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, sehemu kubwa ya mizigo ya kusini hupita kwa malori, na Kibiti ni kituo katika njia hiyo. Ufuta, korosho, mpunga na mbao hupakiwa na kupakuliwa. Hapa napenda kuonyesha utwaaji ambao lugha yetu imeuficha katika vipimo.

Wazee walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na kibaba cha tele, kilichorundikwa kama kichuguu. Aliyenunua kwa tele na kuuza kwa mfuto alipata faida bila kugusa mali ya mtu kwa vidole. Leo mrithi wa tele ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu, ambalo Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipiga vita kwa miaka mingi. Katika korosho kuna kangomba, ununuzi wa kipimo cha mtaani na bei ya chini nje ya mfumo rasmi, ambao serikali iliukabili kwa ukali mwaka 2018. Mkulima aliyeuza lumbesa tano ameondokewa na mali nyingi kuliko inayoweza kudokolewa na mpakizi katika safari nzima. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida aliyenunua lumbesa huitwa mjanja, na aliyedokoa huitwa mwizi.

Kuna kifaa kimoja kinacholifupisha suala hili, nacho ni bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomekwa katika gunia ili kutoa punje za kuangalia. Dalali akichoma gunia kwa bambo anakagua ubora, na konzi ya mchele inayobaki mkononi mwake haina jina kabisa. Mpakizi akilitoboa gunia lilelile kwa msumari, tundu ni lilelile na mchele ni uleule, lakini kuna polisi.

Msinielewe vibaya. Methali isemayo mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake hutumiwa siku hizi kana kwamba ni hati ya ruhusa, na mimi siikubali kwa matumizi hayo. Gunia linalotobolewa mara nyingi si la tajiri. Ni la mama wa Mbwera au Nyamisati aliyeazima fedha za kulijaza, na akifika sokoni pishi mbili pungufu, yeye ndiye anayelala na deni. Udokozi unaomwangukia mnyonge ni dhuluma, hata ukifanywa na mnyonge mwenzake. Madai yangu ni kwamba kipimo cha lawama kiwe cha mfuto kwa wote. Tusiwapimie wengine kwa tele.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba msamiati wa shehena katika pwani yetu umebeba kumbukumbu ya mvutano mrefu baina ya wenye mizigo na wabeba mizigo, na kwamba majina ya utwaaji hupanda na kushuka pamoja na wenyewe. Suala hili lina uzito wa pekee wakati huu. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri sheria ni kazi yetu, na kila istilahi tunayoichagua inaweza kuwa mwaka mmoja au mitano ya maisha ya mtu. Angalieni hali ilivyo katika magazeti yetu. Ofisa aliyejitwalia mamilioni kwa kalamu hutuhumiwa kwa ubadhirifu, neno ambalo asili yake ni kutumia ovyo, kana kwamba kosa lake ni kukosa kiasi. Kibarua aliyetoka getini na kilo mbili za sukari hutuhumiwa kwa wizi. Istilahi ya kwanza ina huruma ndani yake, na ya pili haina.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kamusi zetu zijazo zitoe historia ya maneno kama hongo, ada, posho na takrima, ili msomaji ajue yametoka kinywani mwa nani na yalibadilika lini. Pili, wanafunzi wa idara zetu waende katika delta, kutoka Nyamisati hadi Salale, wakusanye msamiati wa boriti, wa majahazi na wa vipimo kutoka kwa wazee wanaoukumbuka, pamoja na maneno ya Kindengereko na Kirufiji yaliyoingia humo. Barua za 1711 zilitupatia sauti ya watawala, na bado tunadaiwa sauti ya wapakuaji. Tatu, watafsiri wa sheria wakae na wanaisimu kabla ya kuamua kwamba matendo mawili yanayofanana yaitwe kwa majina mawili yenye uzito tofauti.

Jikoni, mama anayepakua ndiye anayejua chakula kimetosha watu wangapi, na mara nyingi ndiye anayekula mwisho. Lugha iliyompa mpakuaji wa meli kitenzi cha mama huyo ilikuwa imeona jambo. Ni juu yetu tunaoisoma lugha hiyo kwa kazi kulitazama jambo hilo kwa makini, na kulisema mahali ambapo sheria zinaandikwa.